Waambie Kuku Tunakwenda Visiwani

Dar es Salaam,
6 Septemba 1992

Mpendwa wifi Anyisile,

Ugonile? Natumaini wewe na mtoto mko salama, na kwamba homa yake imekwisha. Kaka Lazaro akirudi kutoka Karonga, umsalimu. Mimi ni mzima, kwa maana ya kwamba ninafundisha, ninakula na ninalala.

Uliniandikia kwamba tangu tumzike Mama mwezi wa Mei, Baba anarudisha sahani karibu imejaa. Nimelifikiria jambo hilo, nikafikia uamuzi, ingawa sina hakika kama ni uamuzi au ni namna ya kutokukaa bure. Desemba twende visiwani sote: Unguja siku tano, Pemba siku tano. Kwetu likizo haijawahi kuwa kitu kingine ila kurudi Mwaya kupanda mpunga. Nimepata nyumba ya pwani yenye meza moja ndefu, tutakula pamoja. Najua kwetu ni mwiko mke wa mtoto kuonana wala kusemezana na baba mkwe wake. Lakini huko hakuna anayetujua.

Ninapanga haya kama ninavyopanga ratiba ya mitihani. Furaha sijaiona bado. Tafadhali mshawishi Baba.

Wifi yako,
Stella


Mwaya,
28 Septemba 1992

Wifi yangu msomi,

Salamu nyingi. Mtoto amepona, anatambaa mpaka kwenye majivu. Sisi wazima.

Barua yako imenichekesha hadi nikaunguza ndizi. Nimshawishi Baba kwa mdomo upi? Mwaka wa tatu huu sijauona uso wake. Mama ndiye alikuwa akimpelekea sahani. Sasa naiweka kizingitini, nagonga mwiko kwenye sufuria, nakimbilia jikoni. Unasema huko hakuna anayetujua. Mimi si najijua? Na meli ikiyumba nikamwangukia mapajani, utaniombea msamaha wewe?

Lakini nimekutii. Nilisimama nyuma ya ukuta wa mianzi, nikawaambia kuku kwa sauti: "Nyie kuku, Stella anataka twende visiwani kwa meli!" Kisha nikamsikia Baba akiiambia baiskeli yake: "We baiskeli, unajua kuogelea?" Wifi, nilijiziba mdomo kwa khanga! Kesho yake akaiuliza kama samaki wa huko wanaushinda usipa wa hapa ziwani. Nikawaambia kuku sijui, msomi ni Stella. Sasa kila siku ni hivyo, safari inapangwa na kuku na baiskeli. Na sahani inarudi tupu.

Ndaga fijo, asante sana, kwa safari yako, hata tusipokwenda.

Wifi yako,
Anyisile


Dar es Salaam,
17 Oktoba 1992

Mpendwa wifi,

Nashukuru kusikia kwamba mtoto amepona. Hapa hatujambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipaswa kucheka, badala yake niliona aibu kwamba mwanamke mwenye akili kama zako anazungumza na kuku ili asikiwe na mzee wa nyumba yake. Nimemwandikia Baba mwenyewe, kwa adabu, nikimwomba akufungulie mwiko huu mkae meza moja kama baba na binti. Nimemwambia kwamba Mama angetaka hivyo. Sijui kama angetaka. Hoja ilihitaji sentensi hiyo.

Wifi yako,
Stella


Mwaya,
12 Novemba 1992

Wifi Stella,

Hatujambo.

Barua yako ilimfikia Baba Jumanne. Alimwita Lazaro, nikasikia kutoka jikoni: "Mke wako amelalamika kwamba namtesa?" Lazaro akaapa kwamba hapana. Baba akasema, "Basi Stella ameyapata wapi?"

Tangu siku hiyo ameifunika baiskeli gunia. Nawasemesha kuku, hakuna anayejibu. Nagonga mwiko, sahani inarudi kama ilivyokwenda. Amekonda, Lazaro anasema.

Ulitutafutia meza, wifi. Meza tulikuwa nayo.

Anyisile


Unguja,
19 Desemba 1992

Mpendwa wifi,

Natumaini mnaendelea vizuri, ingawa natambua kwamba mimi ndiye sababu ya kulitumia neno hilo kwa mashaka.

Nimekuja peke yangu, kwa kuwa nyumba ilikwisha kulipiwa na sikujua namna ya kutokuja. Bahari ina rangi ile ile tuliyoambiwa. Mama mwenye nyumba, Bibie, huandaa sahani nne kila mlo. "Wenzio wamechelewa?" huniuliza. Namjibu kwamba wamechelewa. Jana, alipotoka, nilichukua kijiko nikagonga bakuli mara mbili. Nikangoja kidogo. Kisha nikala.

Miaka sita nimewafundisha wanafunzi kwamba mwiko ni katazo. Nilisahau kwamba mwiko pia ni kitu cha kupakulia wali. Nilidhani ukuta ule unawatenga wewe na Baba. Huenda ndio uliowashika pamoja. Hata hili silisemi kwa uhakika, maana lile la kwanza nililisema kwa uhakika.

Pemba sitakwenda. Tafadhali waambie kuku kwamba nilikosea, kwamba wewe hukulalamika hata neno moja, na kwamba samaki wa huku hawaushindi usipa. Sema kwa sauti.

Wifi yako,
Stella


Mwaya,
14 Januari 1993

Wifi,

Hatujambo. Mtoto amesimama dede.

Nimewaambia kuku, asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo. Gunia bado liko juu ya baiskeli.

Leo sahani imerudi nusu.

Wifi yako,
Anyisile