Macho ya Dereva wa Basi la Shule

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inasonga. Goti la mama linasemaje?

Mama kaniambia umekwangua tena ubavu wa basi pale getini. Usimkasirikie. Hapa kazini, kliniki ya macho, tunapima madereva wenye umri wako. Hatuishii kwenye herufi za ukutani. Tunaangalia kama jicho linakamata kinachotokea pembeni wakati akili iko mbele. Hospitali kuu ya huko kwenu wana kipimo hicho. Nenda, baba, tafadhali.

Bintiyo

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, goti linalalamika kuliko mwenyewe.

Miaka thelathini na minane nabeba watoto wa watu, sijamwaga hata mmoja! Gazeti nalisoma bila miwani. Na lile geti wamelisogeza. Mwambie mama yako aache umbea.

Baba yako, dereva

29 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kimya changu ni cha aibu, si cha ugonjwa.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa narudisha basi karakana, tupu, namshukuru Mungu. Nikakata kona, barabara nyeupe kabisa. Mara ngumi mlangoni: du! Mama mmoja wa baiskeli, kabeba trei za mayai.

"Mzee, hukuniona?"

"Sikukuona, mama."

"Na nilikuwa hapa hapa!"

Kweli, alikuwa hapo hapo. Yeye hakuumia. Mayai ndiyo yaliyoumia.

Nikaenda kupimwa. Binti wa rika lako akaniwekea video ya barabarani, nibonyeze kitufe nikihisi hatari. Mpira ukachungulia chini ya gari lililoegeshwa, nikabonyeza: mtoto anakuja! Akasema vijana wengi husubiri mpaka mtoto atokee. Kichwa kikavimba.

Kisha nikatazama picha katikati, huku vitaa vikiwaka pembeni. Kati ya ishirini nilikamata saba. Vingine ningeapa hakuviwasha.

Funguo nimemkabidhi mwalimu mkuu. Nililia kidogo. Mama yako asijue.

Baba yako

7 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole, na hongera. Hukuwa mzembe; umri umebana upana wa kile unachokiona kwa mara moja. Lakini kumhisi mtoto kabla hajatokea kumekuchukua miaka thelathini na minane. Kamwambie mwalimu mkuu bado una kazi ndani ya basi.

Bintiyo anayejivuna

15 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako sasa anapanda ngazi bila kuguna.

Nimemwambia mwalimu mkuu, akakubali. Nakaa nyuma ya dereva mpya, dada aliyekuwa akiendesha gari la maziwa. Macho yake yanafagia barabara nzima. Mimi namwambia wapi afagie zaidi. Jana nikasema, "Punguza."

"Kuna nini, mzee?"

"Dereva wa ile teksi kageuza bega."

Akapunguza. Mlango wa teksi ukafunguka wazi mbele yetu. Watoto wakapiga makofi, wakataka niwabashirie na maswali ya mtihani.

Ukija likizo, utatuendesha wewe kwenda kwa shangazi yako. Nitakaa pembeni na kujitahidi kunyamaza. Siahidi.

Baba yako, abiria