Ubao au Skii

Jumapili, 12 Januari 2025

Sare imepigwa pasi. Viatu vimeng'arishwa. Mbaazi za kesho nimeziloweka.

Leo nakula kiapo. Katika daftari hili nitaandika kila kitu, hata yale yanayonifedhehesha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Mama hataki nikisahau. Na Idi, mdogo wangu, ambaye hupekua kila droo, hukisikia lakini hawezi kukisoma. Ukimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza. Basi hapa niko salama.

Habari kubwa ni hii. Likizo ya Pasaka shule itatupeleka milima ya Alps, na Mama amekubali niende. Kila mtu achague: skii, yaani vibao viwili vyembamba, kimoja kila mguu, au ubao mmoja wa theluji. Jibu tumpe Miss Farrow, mwalimu wa michezo, kufikia Ijumaa tarehe saba Februari. Ukishachagua hubadilishi. Kabla ya hapo, Jumamosi tatu tutakwenda kujaribu kwenye jumba la theluji nje ya London.

Miss Farrow alipomaliza kueleza, darasa zima lilinigeukia. Mimi ndiye ninayepanda mawimbi. Niliwaambia siku ya kwanza ya sekondari, nilipokuwa sina jingine la kuwaambia, na tangu hapo ndiyo sifa yangu. Hakuna aliyewahi kuniona nikifanya hivyo. Kenton, mtaa wetu huku London, hakuna bahari.

Nitachagua ubao. Bila shaka.

Jumanne, 14 Januari

Nimempigia Baba. Yeye yuko kwetu Diani bado, pwani ya Kenya, anafundisha wageni kupanda mawimbi. Mimi alinifundisha kabla sijajua kusoma. Mama alipopata kazi ya unesi huku tulikuja watatu, yeye akabaki. Nimemwona mara moja tu tangu tuje, na hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mwezi wa saba atakuja.

Nilipomweleza alicheka mpaka akaiweka simu chini. Nilimsikia akiwaita watu wa ufuoni. Kufikia jioni shangazi yangu wa Ukunda alikuwa ameshapata habari kwamba Zuhura atapanda theluji kwa ubao. Akanitumia vigelegele kwenye simu.

Nimefurahi siku nzima.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeapa kuandika kila kitu. Haya.

Nilianguka. Nilianguka kabla hata sijaondoka niliposimama.

Jumba ni baridi kama friza ya muuza nyama na linanuka mpira na chipsi. Theluji yenyewe ngumu, kama ile unayoikwangua kwenye friji. Mwalimu wetu ni Mpoland anayeitwa Tomasz. Aliuliza kila mtu mguu upi unatangulia. Wenzangu ilibidi wasukumwe mgongoni ili ijulikane. Mimi nilijibu wa kushoto kabla hajamaliza swali. Miss Farrow akatabasamu. Hakutabasamu tena.

Miguu inafungwa kwenye ubao. Hakuna aliyenieleza hilo linavyokuwa. Baharini mambo yakiharibika unaruka, ubao unakwenda zake na wewe zako. Huku mnaanguka pamoja. Kila ubao ulipoelekea chini nilikalia mguu wa nyuma, kama Baba alivyonifundisha, na kila mara ulinitoroka na kuuacha mgongo wangu kwenye theluji. Nilipitwa na watoto wenye mapengo.

Rafiki yangu Nisha alikuwa kwenye skii. Nisha hajawahi kucheza mchezo wowote kwa hiari. Aliteremka polepole, magoti yameelekeana kama mwenye haya, akasimama mwenyewe mahali alipotaka. Kisha akajifanya hanioni. Afadhali angecheka. Kieran wa darasani kwetu alicheka kwa niaba ya wote. Akaniuliza kama Kenya mawimbi hupandwa kwa mgongo.

Mwisho Tomasz alichuchumaa karibu yangu.

"Kila ubao ukielekea chini, wewe unangoja," alisema. "Unangoja nini?"

Niliinama nikafungua kamba za ubao.

Kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba. Nimemficha Mama.

Jumapili, 19 Januari

Nesi hafichwi mkono. Alinishika tukiwa mezani, akabonyeza mfupa baada ya mfupa, huku Idi akitaka kujua kama utakatwa. Haukuvunjika. Mama akasema kazini kwao kila msimu wa baridi wanapokea mikono ya watu wa ubao. Akasema angependa nichague skii. Hakusema lazima. Lakini Mama akisema angependa, lazima iko nyuma ya mlango.

Jumatano, 22 Januari

Baada ya shule nilikwenda kwa akina Nisha. Bibi yake, ambaye sote tunamwita Ba, alizaliwa Mombasa, na mumewe aliuza nguo huko. Wajukuu wake hawajui Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye anayeongea naye. Hunikalisha jikoni, hunipa chai ya tangawizi na chevda ya kutafuna, na kunipa umbea wa watu waliokufa zamani.

Nisha alimsimulia kila kitu kwa Kiingereza. Ba alisikiliza huku akikunja chapati, kisha akanitazama mimi.

"Ukianguka, mwanangu, angukia matako. Mungu aliyanenepesha kwa kazi hiyo."

Nisha alitaka kujua bibi yake kasema nini. Nilikataa kumtafsiria.

Aliponisindikiza kituoni, Nisha alisema tuchague skii sote wawili. Tuwe kundi moja, mchana kutwa pamoja. Wa skii na wa ubao hawatakutana mpaka jioni, na wa ubao karibu wote ni Kieran na wenzake. Alisema taratibu, neno kwa neno. Nilijua ameyapanga. Nikamwambia nitafikiri. Akasikia hapana.

Jumamosi, 25 Januari

Leo Miss Farrow aliniambia nijaribu skii, nisijitese.

Nilifanya vizuri. Hiyo ndiyo habari mbaya. Kufikia mwisho wa somo nilikuwa napanda mkanda unaobeba watu mpaka katikati ya mteremko, nateremka, nageuka, nasimama. Nisha alipiga makofi na glavu zake. Miss Farrow akasema ndiyo hii sasa. Hata Kieran hakucheka.

Nimefurahi, na nimechukia kufurahi. Skii sina cha kuilaumu. Uso uko mbele, kila mguu una wake, na hakuna anayekufunga pamoja na kosa lako. Ningekuwa na Nisha. Mama angelala usingizi.

Lakini nikishindwa ubao, mimi ni nani hapa Kenton? Mara ya mwisho kusimama juu ya wimbi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Huenda mwili umeshasahau. Huenda nimebaki na maneno tu.

Jumapili, 26 Januari

Nilimpigia Baba nikamweleza yote. Kuanguka, mkono, skii, Nisha. Upande wake upepo wa ufuoni ulivuma. Nilijua atasema ubao. Nilitaka aseme, ili nimkubalie au nimkasirikie.

"Zuhura," alisema, "anayeanguka ni wewe, si mimi. Chagua mwenyewe unataka kuangukia nini."

Nikamuuliza, na wale uliowatangazia ufuoni? Akasema watu wa ufuoni wakifika alasiri wana habari nyingine. Kisha akauliza kwa sauti ileile:

"Uliketi kwanza?"

Nikarudia habari za mkono. Akaelewa.

Hiyo ndiyo sheria yake. Kwa Baba hakuna anayeingia majini kabla ya kuketi. Unaketi mchangani, kimya, unatazama, mpaka uweze kumwambia maji yanafanya nini: yanavunjikia wapi, yanavuta kuelekea wapi, nani anaanguka na kwa sababu gani. Ukishindwa kusema, huingii. Hata wageni waliosafiri kutoka Ujerumani huwaketisha. Wengine hununa. Mimi nilipokuwa mdogo nililia kwa hasira, na bado niliketi.

Kwenye theluji sikuketi hata dakika. Nilijibu swali la mtu kabla hajamaliza kuliuliza. Nimeona haya kuliko siku niliyoanguka.

Jumatano, 29 Januari

Mvua. Nisha anakula chakula cha mchana na wengine. Hakuna ugomvi, viti tu vimejaa nikifika.

Nimeamua jambo moja. Jumamosi nitaketi.

Jumamosi, 1 Februari

Jaribio la mwisho. Nilimwomba Miss Farrow ruhusa nikae nje kwanza. Alidhani naogopa, akaniambia kwa upole hakuna ubaya. Sikumsahihisha. Niliketi kwenye benchi nyuma ya kioo, karibu na wauza chipsi, glavu magotini.

Mwanzoni niliona rangi za makoti tu. Kisha nikaona watu. Nikawaacha wa skii, nikawafuata wa ubao walio hodari. Mteremko ulipozidi kuwa mkali hawakujivuta nyuma. Walijiinamisha kwenda chini, kulekule kunakotisha, uzito wote kwenye mguu wa mbele. Na walioanguka walianguka kama mimi. Chali.

Hapo nikapata jibu la Tomasz. Nilikuwa nangoja wimbi.

Baharini wimbi linakujia kwa nyuma, linakuinua, linakusukuma. Kazi yako ni kulikalia, na mguu wa nyuma ndio usukani. Mlima hauji. Umelala palepale ulipo. Ukingoja ukuchukue utangoja mpaka uanguke. Inabidi uende wewe.

Nilimwendea Tomasz nikamwambia nilichokuwa nangoja. Alifikiri kidogo, kisha akasema yeye hajawahi kuiona bahari yenye mawimbi ya maana, lakini inaelekea ni kweli. Twende.

Nikaingia. Nikaanguka kwanza, kwa matako, kama Ba alivyoagiza. Nikainuka. Nikaelekeza ubao chini, nikajilazimisha kuegemea mguu wa kushoto. Mwili ulikataa. Kila kitu ndani yangu kilisema nyuma, nyuma. Nikaanza kusema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele za watu: hakuna wimbi, hakuna wimbi.

Ubao ukageuka.

Polepole, bila uzuri wowote, kama mlango mzito. Lakini uligeuka kwa sababu mimi niliugeuza. Nikajaribu upande wa pili, nikaanguka. Nikarudi juu. Nikaanguka tena. Karibu na mwisho uligeuka mara nyingine. Tomasz aliinua kidole gumba kutoka mbali, akaenda kumwinua mwanafunzi mwingine.

Sitajidanganya. Kwenye skii mimi ni bora kuliko hivi, na wiki iliyopita ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzivaa.

Jumatatu, 3 Februari

Kila mfupa unauma. Ngazi za shule ni adhabu.

Alhamisi, 6 Februari

Kesho ni siku ya kujibu. Nimejiuliza kwa ukweli.

Si kwa ajili ya Baba. Ameshaniachia. Si kwa ajili ya darasa. Kieran ana mengine ya kucheka. Skii naiweza, na ningefurahi, na sijui hata kwa nini naiweza. Ubao siuwezi na najua sababu. Nataka kukaa na kile ambacho najua sababu yake.

Nilimwambia Mama alipokuwa akivua viatu vya kazi. Aliingia chumbani akatoka na vikinga vya mkono, vyeusi, vipya, bado vina lebo. Alikuwa amevinunua wiki iliyopita. Akasema nisipovivaa nisirudi kwake na mkono wowote.

Nisha ilikuwa vigumu zaidi. Nilimngoja langoni. Nilimwambia nataka kuwa naye na nataka ubao, na vyote viwili ni kweli. Akaweka begi begani akaondoka. Nimekaa na uzito huo jioni yote. Kisha, baada ya chakula, akatuma ujumbe kwamba tukifika huko kitanda cha juu ni chake, kwa kuwa mimi nikilala najigeuza kama samaki na hataki nimwangukie.

Nimecheka peke yangu jikoni. Idi ameuliza kuna nini. Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemwambia Miss Farrow: ubao. Aliniuliza kama nina hakika, akasema waliozoea bahari si lazima wajifunze haraka. Nikamwambia najua, huchelewa. Akaandika.

Imekwisha.

Jumapili, 9 Februari

Sare imepigwa pasi. Mbaazi zimeloweka. Nje mvua ndogo, ile ya London isiyo na sauti. Mama analala, ana shifti usiku. Idi anachora mtu juu ya ubao, nywele zimesimama. Nadhani ni mimi.

Nafikiria mwezi wa saba. Jumba la theluji halijui miezi, mna baridi mwaka mzima. Nitampeleka Baba. Sitamruhusu aingie. Nitamketisha kwenye benchi nyuma ya kioo, kimya, mpaka aweze kuniambia mlima unafanya nini. Atanuna. Kisha ataingia na kukalia mguu wa nyuma, najua, nami nitachuchumaa karibu yake nimuulize anangoja nini.

Pale mlangoni, kabla ya jambo lolote, wahudumu huuliza namba ya viatu ili wakukodishe vya theluji. Nimegundua kwamba kwa Baba hilo silijui. Maisha yangu yote nimeiona miguu yake ikiwa mitupu, au kwenye kandambili alizozikata mwenyewe. Unyayo wake ningeutambua popote mchangani, na namba yake siijui.

Nimemtumia ujumbe sasa hivi. Simu nimeiweka hapa kando ya daftari, kioo juu.

Baba, usingoje kesho, nijibu leo hii: unavaa viatu namba ngapi?