Ukuta Kati Yangu na Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Juni 1984

Uji wa mtama, chumvi kwa mbali, kama mganga wa zahanati alivyoagiza. Nimeuweka kizingitini kwa baba mkwe, nimekohoa, nimeondoka. Wifi yangu Kabula kauchukua, kamnywesha. Ndiyo maisha yetu tangu kiharusi kimlaze mzee, upande wote wa kushoto. Kabula yuko ndani: anamgeuza, anamwosha, anamkunja na kumkunjua mkono. Mimi niko nje: napika, nafua, nashona nguo za watu. Mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe. Usoni sijamtazama sawasawa tangu niletwe hapa. Tukikutana njiani napisha, napiga goti, macho chini. Namjua kwa miguu na kikohozi.

Mchana usingizi ulinikamata juu ya cherehani. Nikasikia nyuki. Wengi, msitu mzima unanguruma taratibu. Kufumbua macho, hakuna nyuki. Ni baba nyuma ya ukuta, anazungumza na marehemu mama mkwe habari za mizinga yao. Ulimi mzito, maneno yanavutana. Nikaacha kushona, nikasikiliza.

Ijumaa, 8 Juni

Kabula kaondoka. Binti yake kajifungua huko Ushetu, lazima aende. Mume wangu yuko kwenye machimbo ya dhahabu Geita. Mtoto wetu Limi anasoma Kahama, yuko kwa mama yangu. Nimebaki mimi, mzee, na ukuta.

Jirani yetu Ndekeja kakubali kuja kumwosha. Asubuhi tu; chakula mwanawe mdogo atakiingiza na kukitoa. Msimu wa pamba huu, kila mtu na lake.

Naogopa. Mganga alisema mgonjwa akilalia ubavu mmoja kutwa, nyama inaoza angali hai. Alisema pia mguu ule usipoamshwa sasa, hauamki tena.

Jumapili, 10 Juni

Misani sikwenda. Nimekaa kivulini nyuma ya ukuta, namwamrisha mzee kama mwalimu wa mchakamchaka. Baba, geukia kulia. Baba, kunja vidole. Baba, kunywa maji. Anajibu "Eeh." Sijui anafanya kweli au ananizuga. Nahisi ananizuga.

Baadaye akauliza kama miti ya porini imeanza maua. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi na nyuki wanangoja." Vumbi la kiangazi lilikuwa limetanda. Nyumba za wenzetu hazionekani vizuri, sauti za watu zinakuja bila watu. Nilikaa pale hadi jua likashuka na wala sikumbuki nilikuwa nawaza nini.

Jumatano, 13 Juni

Mwenye baiskeli kaleta salamu za Geita. Baba Limi anasema nivumilie, duara lao, hilo shimo wanalochimba, liko karibu kutoa. Mwaka jana pia lilikuwa karibu. Ala! Baba yake naye yuko karibu, mwambieni. Nimekasirika mpaka nimeshona mkono wa gauni la watu ndani nje. Nimefumua wote.

Ndekeja kasema kuna kidonda kwenye nyonga. Kimeanza. Nimempa asali safi apake na kitambaa nilichokichemsha. Alipaka. Kesho haji, anapeleka pamba mnadani.

Ijumaa, 15 Juni

Ndekeja hakuja jana. Leo pia hakuja.

Mchana nikasikia kishindo. Mzee kataka kwenda chooni mwenyewe, kwa ubishi wake. Kaanguka mlangoni, nusu ndani, nusu nje, shuka kule, yeye huku. Sikufikiri. Nikaruka kizingiti. Nikamfunika, nikamshika kwapani, nikamburuta hadi kitandani. Mwepesi! Nilitegemea kuinua mtu, nikainua nguo. Nikamgeuza, nikakiona kile kidonda. Nikakiosha, nikapaka asali. Mikono yangu ilikuwa inafanya, mimi nilikuwa kama naitazama kutoka darini.

Muda wote alijifunika uso kwa mkono ule mzima. Alikuwa analia. Nami nikatazama chini, kama tumekutana njiani.

Jumamosi, 16 Juni

Mzee hali chakula. Uji umerudi na utando juu. Ugali umerudi. Maji tu, tena kidogo.

Nimesema ukutani: baba, nisamehe, nimekosa adabu. Nimesema: baba, ungekufa pale. Akajibu hilo moja: "Bora." Bora! Nimeona aibu, halafu nimeona hasira kuliko aibu. Mimi ndiye niliyemwosha, na mimi ndiye nimemuua? Nimemtuma mwenye baiskeli kwa Bibi Paskazia, Runzewe. Yule ni Mngoni, mtani wetu. Zamani babu zao na babu zetu walipigana, siku hizi wanatukanana tu na kuzikana. Mtani hana mwiko.

Jumapili, 17 Juni

Bado hali. Usiku niliota nimebeba mzinga kichwani, mtupu, na ndani yake mtu anakohoa. Nimeshinda na ndoto hiyo kutwa nzima. Nimepika, nimemwaga, nimepika tena.

Jumatatu, 18 Juni

Bibi Paskazia kaingia kabla ya saa nne, matusi yake yakatangulia. "Yuko wapi huyo Msumbwa mvivu? Nasikia unakufa! Nani kakupa ruhusa? Mimi ndiye wa kukuzika, na leo sina nafasi!" Kapita moja kwa moja chumbani na beseni. Nikasikia maji. Nikasikia mzee akimtukana naye, ulimi mzito vilevile, lakini tusi limenyooka. Tangu lini sijasikia sauti hiyo. Nimecheka peke yangu jikoni na machozi juu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kisha akaketi mlangoni katikati, yeye akituona sote wawili, sisi hatuonani. Akahukumu. Mimi, nimeruka kizingiti bila kubisha: faini, kumshonea yeye blauzi. Mzee, kakataa chakula cha mkamwana wake: faini, mbuzi. Si wa kwake Paskazia, ni wa kwangu mimi. Mbuzi wa kufungua mlango. Akimtoa, mimi si mkamwana tena mlangoni hapa, ni mtoto wa kumzaa, na mtoto humwosha baba yake. Akasema kwao hufanyika hivyo. Sijui kama kweli, au kaitunga palepale.

Paskazia akangoja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mimi natazama majivu. Nilikuwa naomba, bila maneno.

Halafu kutoka ndani, polepole: "Mpeni yule jike mweusi."

Jioni kala nusu bakuli.

Ijumaa, 22 Juni

Naingia sasa. Nabisha, nasema "Hodi baba, shikamoo," naingia. Siku ya kwanza yeye kafumba macho, mimi nimefumba yangu nusu, nikamwosha hivyo, kama vipofu wawili. Siku ya pili hivyohivyo. Leo kafumbua. Macho ya kahawia, yanafanana na ya Limi kabisa! Lo, miaka yote hii Limi anatembea na macho ya babu yake na mimi sijui.

Bibi Paskazia kanionyesha kumkalisha: goti langu dhidi ya goti lake, asiteleze. Namgeuza asubuhi, mchana, jioni. Kidonda kinakauka kando. Tumechimbia nguzo na fito kutoka mlangoni hadi chooni, ashike. Paskazia anatembea mbele yake kinyumenyume akimwita kobe. Yeye anamfuata ili amtukane kwa karibu. Hatua zimepatikana kwa njia hiyo.

Ijumaa, 6 Julai

Baba Limi kaja, mikono mitupu, kakonda. Nilikuwa nimemwandalia maneno mengi. Alipofika uani, mzee alikuwa kwenye fito, amesimama. Mume wangu akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Maneno yangu yote nikayasahau, potelea mbali. Nimempa maji ya kuoga.

Mguu wa kushoto bado unaburuta. Utaburuta daima, mganga kasema. Kumsukuma lakini asichoke kupita kiasi, kumwacha lakini asilale mno, ndiyo kazi iliyobaki.

Jumapili, 15 Julai

Paskazia karudi Runzewe na blauzi yake. Baba Limi kaenda misani.

Nimemtoa baba kivulini, nikamkata kucha za miguu. Zilikuwa ngumu, nimeziloweka kwanza maji vuguvugu. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Upepo ulikuwa mdogo, wenye harufu ya mabua.

Kwenye kidole cha mwisho nikainua macho. Kalala. Mdomo wazi, mguu wake mapajani mwangu, uzito wake wote, bila haya.

Maharage yakaanza kuungua jikoni. Nikayasikia harufu. Sikuinuka.