Firigisi ya Shemeji Masalu

Ilemela, Mwanza
27 Juni 1999

Mdogo wangu Teodora,

Wilhelmina kaajiriwa! Ana meza yake, ana kiti cha kuzunguka, na mlangoni wameandika jina lake, Wilhelmina Mayala, bila kukosea hata herufi. Nilikwenda kujionea mwenyewe, nikalisoma mara tatu, na mlinzi nikamsomea pia.

Haya, sasa nikusalimu. Hamjambo huko Sengerema? Watoto wanaendeleaje, na ule mguu wako? Sisi wazima, mtama tumeshavuna. Shikamoo yako naiitikia ingawa safari hii hukuituma. Barua zangu mbili hukuzijibu, na sababu naijua. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Unajua Wilhelmina alikuwa kwenye majaribio katika ofisi ya wanunuzi wa samaki. Wafadhili waliwaletea laptop, kompyuta ya kukunja kama mkoba, lakini ndani yote Kiswidi. Mafundi wawili, wanaume wazima, walishindwa. Kila wakiibadili, ikikorofisha kidogo inarudi kwenye Kiswidi chake na kufuta kazi zote. Mwanangu ndiye aliyegundua kwa nini. Anasema ndani ya diski kiwanda kilijitengea chumba, kikaficha humo nakala ya mfumo wa mwanzo, ili mashine ikiharibika ijirudishe ilivyotoka kiwandani. Lazima chumba hicho kiondolewe kwanza, ndipo mfumo mpya uwekwe. Mkubwa wake akamwambia aibebe nyumbani, na isipokuwa sawa Jumatatu, asirudi kazini.

Ijumaa ile ndiyo Masalu wako alitutembelea na baiskeli yake. Nilimchinjia jogoo, nikawaita na kina mama wa jumuiya waje wamwone mtoto akifanya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nawafafanulia, maana kompyuta naielewa. Wilhelmina akasema sidii, kisahani cha kung'aa chenye ule mfumo mpya, anayo kabatini, akakifuta kile chumba pamoja na vyote vilivyobaki, akatuambia hapo hakuna tena kurudi nyuma. Akafungua kabati. Sidii haipo.

Teodora, mtoto alikaa sakafuni. Alisema mashine sasa haina cha zamani wala kipya, ni bati tu, na kazi ndiyo basi. Ndipo mimi nikasema mbele ya watu kwamba shemeji anapenda vitu vya kung'aa, iangaliwe baiskeli yake, huenda kaifanya taa ya nyuma. Watu wakacheka. Masalu alifungua mkoba wake, akatoa kila kitu hadi soksi, akavipanga mkekani tuvione. Kisha akaondoka kuwahi kivuko cha Kigongo, na firigisi niliyomwekea ikabaki kwenye sahani.

Sidii ile aliyeichukua ni mimi. Wiki ile ndege walikuwa wanaumaliza mtama wangu. Nikakiona kile kisahani kinang'aa kabatini, kina tundu katikati kama kimetengenezwa kufungiwa kamba, nikakitundika shambani. Wilhelmina alipotaja sidii nilijua palepale. Lakini nimeshawatangazia wale kina mama kwamba kompyuta naielewa, ningeanzaje kusema nimeipeleka ikafukuze ndege?

Alfajiri nilikwenda kuifungua, nikaiosha kwa sabuni, nikamwambia mtoto nimeiokota nyuma ya kabati. Aliigeuza geuza, akaona kinyesi kilichobaki ukingoni, akaniuliza kama siku hizi nyuma ya kabati kuna ndege. Akaiingiza kwenye mashine. Ilisoma, ikakwama, akaipangusa kwa kanga yangu, ikasoma tena mpaka ikamaliza. Jumatatu aliipeleka ikiwa na Kiingereza chake safi.

Tangu hapo nimejisifu hadi sokoni, ila jina la shemeji likitajwa nageuza mazungumzo. Wilhelmina ameniambia sherehe ya kumpongeza haifanyiki mpaka niyaseme haya mbele ya wale wale waliocheka. Nimekubali. Kina mama nimeshawaalika, na jogoo nimemfunga. Mumeo usimsomee barua hii, mpe aisome mwenyewe.

Wabusu watoto. Wilhelmina anawaamkia wote wawili. Firigisi haitaguswa na mtu mwingine. Njooni nyote, Masalu akitangulia, Jumamosi tarehe 10 Julai.

Dada yako,
Suzana