Njaa Kali na Mukimo ya Mamake

Purity uko? Wacha chochote unafanya. Nimetoka Kibirichia saa hii na bado siamini.

Unakumbuka Kaimenyi akirap kwa ufunguzi wa saluni hapo Meru, watu wanne wanamwangalia? Sasa jina lake la usanii ni Njaa Kali, na sura yake iko kwa kila paketi ya crisps. Leo kampuni ilimleta kwao Kibirichia, kwa shamba ya viazi, washuti tangazo. Kijiji yote ilikuja, na mamake akapikia watu mukimo, ile ya viazi na mahindi ya kupondwa.

Akaanza na ile ngoma ilimfanya star: "Nililala njaa, mama hana kitu."

Mamake akamnyang'anya maiki. AKAMNYANG'ANYA, Purity!

"Njaa gani, Kaimenyi? Na magunia ya viazi yalijaa mpaka chini ya kitanda yako? Si ulikuwa unakataa mukimo ukililia chapati?"

NJAA GANI! Msanii mzima akaangalia viatu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi ndio nilicheka kushinda wote, mpaka mamake akamuuliza, "Na huo uongo uliandikiwa na nani?"

Kaimenyi akaninyoshea kidole.

Purity, nilikuwa nimeshika sahani ya pili ya mukimo ya huyo mama.