Cheti cha Marehemu Gichuhi

Jumamosi, mtaani Skuta, 1988. Ukungu umelala juu ya mabati tangu asubuhi na mimi nimeshinda na hasira. Wacha niandike kabla sijapiga mtu.

Jumatano jirani yangu, Mama Njoki, alikuja na dada yake kutoka Wang'uru. Mtoto wa huyo dada alikuwa na jipu kwenye paja, kubwa kama yai, pale alipodungwa sindano. Wananijua mimi ni nesi. Nikauliza ni nani alimdunga.

"Ni Daktari Gichuhi," akasema yule dada. "Ako na cheti kubwa kwa ukuta, iko na muhuri nyekundu."

Gichuhi ni mume wangu. Tulimzika mwaka jana.

Mtoto nilimpeleka hospitali, jipu likapasuliwa, anaendelea vizuri. Mimi siendelei vizuri.

Gichuhi alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa ng'ambo kusomea udaktari mara tu baada ya uhuru. Alirudi na shahada iliyoandikwa Kilatini, ambacho hapa kwetu hakuna anayekisoma, hata mimi. Alipokufa, chuo kikuu kilimtuma mtunza nyaraka wake kwetu. Wanakusanya vyeti vya madaktari wetu wa kwanza vikae pamoja mahali salama, ili wanafunzi watakaokuja wajue nani alitangulia. Nilikubali papo hapo. Lakini Muriuki, mdogo wake Gichuhi, akamwambia yule mgeni mbele yangu, "Pole sana, tulimzika nacho. Nilikiweka mwenyewe kifuani pake."

Nililia. Niliona ni upendo wa ndugu.

Mjinga mimi.

Jana nikapanda basi hadi Wang'uru. Zahanati yenyewe ni chumba nyuma ya kinu cha mpunga. Muriuki, ambaye juzijuzi alikuwa akiuza mbegu za viazi Karatina, alikuwa amevaa koti jeupe la mume wangu. Akina mama walikuwa wameketi kwenye benchi na watoto wao. Na juu ya kichwa chake, nyuma ya kioo, jina la Gichuhi.

Aliponiona akatabasamu. Akatabasamu!

"Karibu, shemeji. Usilete maneno mbele ya wagonjwa. Hiyo karatasi ni ya ukoo, si yako peke yako. Baba aliuza ng'ombe ndio huyo mtu asome."

Niligeukia benchi. "Daktari Gichuhi alikufa, mimi ndiye mjane wake. Huyu ni ndugu yake. Hajasomea udaktari hata siku moja."

Mama mmoja akamfunga mwanawe mgongoni, akatoka. Wengine wakamfuata, na wa mwisho akatema mate mlangoni.

Nikapanda kiti nikakitoa cheti ukutani. Muriuki akashika fremu upande wa pili, tukavutana kama watoto, hadi kioo kikapasuka na kumkata kiganja. Nilikuwa na bandeji mkobani. Sikuitoa; nilikichukua cheti nikaondoka.

Nakiri hapa: niliiona damu yake nikafurahi.

Nikapita kituo cha polisi nikaandikisha taarifa. Walipoenda kule walikuta kufuli mlangoni.

Leo asubuhi mama mkwe akaja. Hakuketi. Alisema cheti kirudi kwa ukoo kabla ya Jumapili kuisha, la sivyo nisikanyage tena shamba la Gichuhi, na chai aliyoipanda wachume wengine. Nilimsikiliza hadi mwisho, maana ni mzee na nilifundishwa adabu. Kisha akasema, "Umeniaibishia mwanangu."

"Yupi, Mama?"

Midomo ilimtetemeka. Nilidhani atalia, na kama angelia pengine ningemshika mkono. Hakulia. Alijifunga leso yake vizuri kichwani, akatoka bila kuaga.

Jumatatu nakipeleka cheti chuoni kwa mikono yangu. Shamba wabaki nalo.

Watu wa kanisa wataniambia nisamehe, na najua ni kweli. Lakini jioni hii najiuliza jambo moja tu: nitaacha lini kutamani kwamba kile kioo kingemkata zaidi?