Gari Linazima Akipanda Mama

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi huku ni wazima. Ningepiga simu, lakini nyumba yetu unaijua: ukinong'ona jikoni, Mama anakujibu toka chumbani. Nina ombi moja kabla ya yote. Hilo gari la kukodi unalotaka kuja nalo mwisho wa mwezi kumchukua Mama, tafadhali usililipie mpaka umalize kusoma.

Najua umenikasirikia. Uliposema kwamba mimi ndiye ninayeliharibu gari la marehemu Baba makusudi ili Mama asihamie kwako, nilikukatia simu kwa sababu ningekutukana. Mimi, fundi niliyerithi spana za Baba, niliue gari lake? Hata hivyo nilikuwa nimeshaanza kujitilia shaka mwenyewe. Kila tukifunga safari ya kuja kwako, injini inakohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Nafungua boneti, napekua weee, halafu linawaka lenyewe kana kwamba halikuwa na neno. Tukisogea kidogo linazima tena, mpaka Mama aseme basi, turudi. Kesho yake nikilijaribu peke yangu, linapanda mlima likiimba! Nilibadilisha chujio la mafuta, nikabadilisha plagi, nikaifungua kabureta na kuisafisha, pampu nikaipima nikaikuta nzima. Jirani yetu mshona viatu akacheka, akasema gari linamwonea wivu Mama, halitaki aondoke. Nikamwambia afunge mdomo ashone viatu.

Juzi tukaondoka tena, Mama mbele na mto wake chini ya yale magoti mabovu, sanduku lake nyuma. Foleni ilikuwa ndefu, tukawa tunasota tu. Tulipofika kwenye reli, injini ikakohoa na kuzima, magurudumu ya mbele yameshavuka, ya nyuma bado. Nikazungusha ufunguo, ikakataa. Nikazungusha tena, ikakataa. Ndipo tukasikia honi ya treni kutoka nyuma ya maghala.

Nilimwambia Mama ateremke. Akaushika mlango, miguu ikagoma. Nikazunguka kumvuta, nikaona sitamtoa kwa wakati. Wanaume wawili wakaja kusukuma, honi ikalia tena, sasa karibu, wakakimbia, na siwalaumu. Nikarudi kwenye usukani. Kaka, hapo ndipo nilipomkumbuka Baba alivyonifundisha pale uani, kwamba injini ikifa, starta peke yake inaweza kulivuta gari, almuradi betri iko hai. Nikaingiza gia namba moja, nikaachia klachi, nikaushikilia ufunguo. Gari likaruka kidogo. Likaruka tena. Betri ilikuwa inalegea, kila mruko mfupi kuliko uliotangulia, nami nalisihi kwa sauti, twende, twende baba, usinifanyie hivi. Mama alikuwa amefumba macho. Treni ilipopita nyuma yetu, vioo vyote vilitikisika, na mimi nikaegemea usukani nikalia kama mtoto.

Nilipopata nguvu za kusimama nilikwenda kuangalia kama mafuta yapo, maana geji ya gari lile siiamini. Kuzungusha tu kifuniko cha tangi, tangi likavuta pumzi: fyuuu! Kile kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likiziba, mafuta yanatoka lakini hakuna kinachoingia kushika nafasi yake, pampu inavuta mpaka inashindwa, injini inakosa mafuta inakufa. Ukingoja, hewa inapenya polepole, linawaka tena. Nikakigeuza kifuniko. Tundu lilikuwa limejazwa sabuni ya kufulia, imekandamizwa vizuri, na alama ya ukucha juu yake.

Nilikiweka kifuniko mapajani kwa Mama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakujua litazimia pale. Siku zote lilikuwa linazimia mbele, tukiwa tumeshavuka reli, ila safari hii foleni ndiyo iliyomponza, injini ikanguruma muda mrefu kabla hatujaifikia reli. Kila asubuhi ya safari alikuwa anatia sabuni, na tukirudi anaitoa kwa pini ya nywele. Ujanja huo aliupata kwa Baba mwenyewe, siku tundu lilipoziba tope na Baba akahangaika kutwa nzima huku yeye amemshikia spana.

Nilimfokea, Kaka. Nilimfokea mama yangu kando ya reli, watu wanatazama. Nikamuuliza kwa nini asiseme tu hataki, mpaka nusura atuue? Akalia. Akasema angekuambiaje wewe, mtoto uliyemjengea chumba chenye choo chake, ukampigia simu kumweleza hadi rangi ya mapazia? Alisema kwako atapewa kiti kizuri na hataruhusiwa kugusa sufuria, atakuwa mgeni mpaka afe. Alisema anakupenda mno, ndiyo maana alishindwa.

Ameniomba nikuandikie kwamba injini imekufa moja kwa moja, haitengenezeki. Siwezi. Injini ni nzima, Kaka, haijawahi kuwa mbovu. Njoo, lakini njoo kwa basi, usije kumchukua. Kaa naye jikoni, muulize anataka nini, na akianza kujibu usimkatize. Sabuni usiitaje, aitaje mwenyewe akitaka. Na lile neno lako la makusudi, utaniomba radhi mbele ya mshona viatu, tena kwa sauti.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu mno. Sasa hivi amechungulia mlangoni, mikono ina mapovu, kuniuliza kama nimeshakuandikia ile habari ya injini. Nimemwambia ndiyo, nimeandika. Ameshukuru, amerudi kufua.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa nyumbani